Pindo la Mtu Mzima

Gauni la muuguzi lilikuwa limelazwa juu ya meza ya kukatia, mikono yake imetenganishwa na mabega, mshono baada ya mshono, kwa wembe na kwa utulivu. Kitambaa hakikuwa na tundu hata moja. Hilo ndilo lililomchoma fundi zaidi, kwani aliyelifumua alifundishwa na yeye mwenyewe namna ya kufumua bila kujeruhi nguo.

“Pasi!” aliita.

Jina hilo mumewe ndiye aliyempachika binti wa marehemu dada yake fundi, kwa kuwa alipata moto upesi na kupoa kwake kulikuwa kazi. Binti akatokea chumba cha nyuma, bado amevaa sare ya shule, mikono kifuani.

“Ni wewe?”

“Kwani humu ndani tuko wangapi?”

“Mwenyewe anakuja kulichukua baada ya Alasiri. Amekukosea nini?”

“Hajanikosea.”

Fundi akaketi, akamwomba Mola subira, na subira haikuja kwa haraka aliyoitaka. Haukuwa mwanzo huu. Siku mwalimu alipomsifu mbele ya darasa, binti alimtukana mwalimu huyo kabla ya kengele ya mwisho. Siku fundi alipomkumbatia mbele ya wateja, jioni yake binti alivunja taa ya cherehani. Kila wema ulipokewa kwa shari. Fundi alikijua chanzo, wala kukijua hakukumpunguzia uchovu. Mama mtu alimwacha kwa jirani akisema anafika dukani mara moja, na hakurudi tena hadi ikaja habari ya kifo chake. Bibi akamchukua, naye akafariki. Baba mkubwa akamwambia hapa ndipo kwenu, kisha akamleta kwa fundi kabla muhula haujaisha. Tangu hapo mtoto akawa hodari wa kusoma dalili za safari: sanduku likishushwa juu ya kabati, simu ikipokelewa nje, sauti zikipunguzwa anapoingia.

Ndipo fundi, naye ni kiumbe, akafanya alilokuwa ameapa kutolifanya. Akampigia simu mdogo wake wa kiume.

“Njoo umchukue mpwa wako. Leo hii. Mimi nimefika mwisho.”

Binti alisikia kila neno. Hakulia. Alitabasamu kama mtu aliyeshinda ubishi.

“Nilijua. Tena umechelewa.”

“Ulijua nini?”

“Kwamba unanitoa. Tangu uliponishonea sare hii.”

“Sare ina nini?”

Binti akaigeuza sketi yake upande wa ndani. “Watoto wote unawaachia pindo pana, literemshwe wakirefuka. La mwanzo uliniachia kiganja kizima. Mara hii umeniachia ncha ya kidole. Mimi si mjinga, mama mdogo. Mtu wa kukaa hashonewi hivi.”

Fundi alifungua kinywa, na kilichotoka kikawa kicheko kichungu.

“Unacheka!”

“Simama hapa. Simama, nimesema!” Akamvuta, wakawa uso kwa uso. “Macho yako na yangu yako sawa. Wanawake wa ukoo wetu hawavuki hapa. Nimekukatia kama ninavyojikatia mimi. Hilo ni pindo la mtu mzima, we kichwa maji! Nilidhani utafurahi!”

“Ungesema!”

“Nawe ungeuliza!”

“Baba mkubwa nilimuuliza,” alisema binti. “Akaniambia sitoki kwake.”

Fundi akainama, akaligusa lile pindo jembamba.

Mjomba akaingia hima, suruali imelowa hadi magotini, spana bado mkononi. Yeye ni fundi bomba. “Haya, yuko wapi huyu mtukutu? Begi tayari?”

Begi lilikuwa tayari. Binti alikwisha kulileta, amelikumbatia.

“Haendi,” fundi akasema.

“Dada! Nimeacha maji yanafurika jikoni kwa watu!”

“Rudi ukayafunge. Haendi.”

“Sasa hivi ulikuwa unalia kwenye simu, sasa hivi haendi. Nyie mtaniua kwa presha.” Akatoka, akiburuza viatu na manung'uniko.

Binti hakushukuru. Wala begi hakuliweka chini.

“Utampigia tena.”

“Huenda nikampigia. Nina hasira, nitasema mengi. Lakini huendi.”

“Nikifumua jingine?”

“Utalishona. Kama utakavyoshona hili, sasa hivi. Na muuguzi akija, wewe ndiye utakayemweleza.”

“Simwelezi mtu.”

“Utamweleza.”

“Simwelezi!”

Fundi alihisi mkono wake ukitaka kuinuka, akaushughulisha kwa kutunga uzi kwenye sindano. Tundu likamponyoka mara kadhaa. Alitamani neno moja tu la kumpa moyo, hata “sawa” ya kulazimishwa. Hakupewa. Binti aliketi kwenye benchi, akampa mgongo, akalibana begi katikati ya miguu, kisha akavuta mkono mmoja wa gauni na kuanza kupiga bandi, ile mishono mirefu ya muda, kwa hamaki.

“Hodi, fundi!” muuguzi aliita mlangoni.

“Mwambie asubiri,” binti akanong'ona.

“Mwambie wewe.”

Muuguzi akabisha tena.

“Karibu,” binti alisema hatimaye, kwa sauti ya ugomvi, bila kuinua macho. “Gauni lako nimelifumua mimi. Kaa hapo, nalishona.”