Unga Usiokaa Mlangoni

Alfajiri ya siku ya saba ya mwezi wa Margazhi, Amma alinyunyiza maji ya kinyesi cha ng'ombe mbele ya mlango, akafagia, akainama kuchora kolam, pambo la baraka la mlangoni, kwa unga wa mchele. Alipoinuka kunyoosha mgongo, unga uliondoka. Ulitangulia mstari wa nje, ukafuata wa ndani, na nukta nyuma yake, ukashika njia ya mashambani kama siafu wanaohama. Mlango ukabaki mtupu.

"Kuyili, niletee bakuli lingine," Amma alisema.

Kuyili, bintiye, alikuwa na miaka tisa. Alileta bakuli, na unga wa bakuli hilo nao ukaondoka.

Mama Rasathi wa nyumba ya pili alikuwa akimalizia mchoro wake. "Unga wenu haushiki, dada," alisema. "Mchele wa wapi huo?"

"Wa duka la serikali."

"Ndiyo maana."

Wote wawili walijua kwamba mlango mmoja tu ndio unaokosa kolam mwezi huo: mlango wa nyumba yenye msiba. Lakini nyumba hii haikuwa na msiba. Vennila, dada mkubwa wa Kuyili, ambaye Kuyili alimwita akka, alikuwa ameondoka usiku wa kuamkia siku hiyo kwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi huko Tiruppur. Hivyo ndivyo Appa, baba yao, alivyosema, na baba mdogo Karuppaiah akaitikia. Ndala za Vennila zilikuwa bado ziko chini ya kitanda.

Siku ya nne ya mwezi huo, kabla hajaondoka, kolam ya Vennila ilikuwa imepambwa kwa maua ya boga makubwa kuliko ya mtaa mzima, na wanawake wakasimama kuyasifu. Kuyili, kwa kuona fahari, akaropoka mbele ya Appa: "Akka anapewa na Kathir!" Kathir alikuwa wa mtaa wa ng'ambo ya mfereji, ambao watu wake hawakuruhusiwa kuteka maji upande huu wala kupita hapa na viatu. Appa alimaliza kahawa yake. Kathir naye, ilisemekana, alihamia Kerala.

Asubuhi ile ya siku ya saba, Kuyili aliufuata unga. Ulikuwa umekwenda hadi kisima kikavu katikati ya shamba lao la miwa, ukajipanga upya pembeni mwa kisima, nukta kwa nukta. Kesho yake ukaja mwingine. Mwezi ulipokaribia kwisha, kisima kilikuwa kimezungukwa na michoro ishirini na mitatu, na hakuna ndege aliyeidonoa. Kuyili aliketi hapo kila asubuhi na kusema, "Nisamehe, akka." Alilia mpaka kichwa kikamuuma.

Karuppaiah alilalamika kwamba unga unawazuia vibarua kupita. Siku mbili kabla ya Pongal, sikukuu ya mavuno inayopikiwa wali mtamu, askari polisi alikuja kununua miwa ya sikukuu. Aliizunguka michoro kwa uangalifu asiikanyage, akachagua miwa kumi na miwili, akashukuru, akaondoka.

Siku ya Pongal Appa aliweka chungu kipya uani. Kabla hajawasha moto, majirani waliingia mmoja mmoja na wali mtamu uliofunikwa kwa majani ya mgomba, kama wanavyopelekewa wafiwa, ambao hawapiki Pongal mwaka wao wa msiba. Nyumba tisa zilileta. Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Appa alipokea kwa mikono miwili, akakigeuza chungu kifudifudi.

"Kuleni," mama Rasathi alisema. "Mwaka si mrefu."

"Ni kwa ajili ya akka?" Kuyili aliuliza.

Mama Rasathi alimpangusa mdomo kwa ncha ya sari yake. "Akka yako yuko Tiruppur, mwanangu. Kula, wali utapoa."

Margazhi iliyofuata, Amma alimwaga unga kidogo kujaribu. Ukatulia.

"Mwaka umeisha," alisema Appa kutoka barazani.

Amma alimkabidhi Kuyili bakuli. "Chora wewe. Wewe ndiye mkubwa sasa."

Kuyili alichora. Majirani walikuja kutazama, wakasema mkono wake ni kama wa dada yake, kisha wakarudi kwenye milango yao. Katikati aliweka tonge la kinyesi cha ng'ombe, akachomeka juu yake ua la boga, la njano, pana kama kiganja cha mtu mzima.

Appa alishuka barazani na kikombe chake cha kahawa. Alilitazama lile ua.

"Hili umelitoa wapi?"

Amma aliacha kufagia. Kuyili alijibu.

"Kisimani, Appa. Mmea wa boga umeota ndani, umepanda mpaka juu."

Appa alifikiri, akapuliza kahawa yake.

"Vizuri," alisema. "Mradi limetoka shambani kwetu."