Kola Iliyopotea Vitabuni

Fundi cherehani alikuwa na vitabu arobaini na kimoja, na vyote alikuwa bado anavisoma. Ndivyo alivyopenda kusema. Mkewe alisema vyote vimemshinda. Kile cha ufugaji wa nyuki kilikwama ukurasa wa tisa, na nyumba nzima haikuwa na mzinga hata mmoja.

Kila alipoishia, fundi aliweka kipande cha kitambaa kilichokuwa karibu na mkono wake. Ukivitazama vitabu pale rafuni, ungedhani vinakutolea ulimi.

Mwezi uliopita walikubaliana, tena mbele ya binti yao: hakuna kununua kingine mpaka amalize walau kimoja. Fundi alitoa neno lake, na watu walijua kuwa neno lake, kama mishono yake, halifumuki.

Sasa alikuwa akimalizia koti la mwalimu mkuu, mama mmoja mkali aliyekuwa anaagwa kazini siku hiyo hiyo. Angekuja kulichukua saa saba. Mikono ipo, mifuko ipo, bitana ipo, kola haipo. Na kitambaa alikileta mwenyewe, hakikubaki hata cha kufunika kifungo. Kwa miaka thelathini na minane fundi hakuwahi kumrudisha mteja mikono mitupu.

"Umeiweka kitabuni," mkewe alisema, wala hakuinua macho kwenye kifungo alichokuwa akishona.

Wakaanza kuvikung'uta kimoja kimoja. Vipande vikamwagika sakafuni, kikiwemo kipande cha sare ya shule ya binti yao, ambaye sasa ana watoto wawili. Vitabu arobaini na kimoja vikaisha. Kola hakuna, na saa sita imeshapita.

Fundi akajikalisha kitini, jasho likimtoka. Alijua ilipo. Jana mkewe aliingia ghafla, naye akafunga kitabu pamoja na kola iliyokuwa mkononi, akakisukuma chini ya gunia la makombo ya vitambaa. Kusema ni kuumbuka. Kunyamaza ni kumvisha mwalimu koti lisilo na shingo. Lakini mficha uchi hazai. Akainama, akakitoa.

Mkewe akakitazama kile kitabu kipya, kisha akamtazama yeye.

"Umekinunua lini, baba?"

"Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Ile ile tuliyokubaliana nisinunue."

Mkewe alichomoa kola, akampa. Kitabu akakibana kwapani, akatangaza kwamba kuanzia leo ni chake, maana mwenzake ana arobaini na kimoja vya kumtosha.

Saa saba mwalimu mkuu alijigeuza mara mbili mbele ya kioo, akasema hajapata kuona kola iliyonyooka namna ile. Fundi alikohoa tu.

Wiki hiyo mkewe alisoma akichambua mchele, akasoma akingoja maji yachemke. Siku ya nne alifika ukurasa wa mwisho, akawa mtu wa kwanza kumaliza kitabu katika nyumba ile.

"Baba, huyu mwandishi kaniacha njiani. Hakuna sehemu ya pili?"

Fundi aliutazama uzi kwenye sindano, akautazama tena.

"Ipo, mama."

"Tutaipata wapi?"

Akashusha pumzi, akainama, akaingiza mkono chini ya gunia.