Kiti cha Baba wa Bibi Harusi

Eulogio alikuwa fundi mwashi, na mikono yake ilijua mwiko kuliko gitaa. Lakini Rosario, bintiye wa pekee, alikuwa anaolewa pale mjini Jerez, na alishasema: anataka kucheza baba yake akipiga. Baba akishindwa, kiti cha mpiga gitaa angekalia Casto, binamu ya Eulogio, anayepiga vizuri na hakuachi usahau.

Eulogio akaenda kwa Angustias, dada mkubwa wa marehemu mkewe, ambaye ndiye angeimba.

"Nionyeshe pa kubonyeza nyuzi, shemeji."

"Nani kakwambia habari ya kubonyeza? Laza mkono wa kushoto juu ya nyuzi, zinyamaze. Wa kulia uchape. Chini, juu, chini. Nguvu weka pale ninapogonga."

Akagonga meza kwa vifundo vya vidole. Gitaa likatoa mlio mkavu, kama ufagio sakafuni.

"Huu nao ni muziki?"

"Bado. Halafu unakimbia. Umeacha chungu motoni?"

Miezi ikapita hivyo, jikoni kwa Angustias. Eulogio akiharakisha, shemeji aliacha kugonga, akamenya vitunguu saumu mpaka fundi atulie. Mkono wa kushoto alikuja kuufundisha mwishoni kabisa, kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka chumvi.

Siku ya harusi watu walikula, wakanywa, wakazungusha viti. Eulogio alianza vizuri. Angustias akaingia na wimbo, ila ubeti aliurefusha kuliko walivyozoea jikoni, na vidole vya kushoto vya Eulogio vikapotea. Sauti ikatoka mbovu. Mtu akacheka. Rosario, aliyekwishaanza kucheza, akasimama. Casto akainuka, mkono mbele.

"Lete, kaka. Usimwaibishe mtoto."

Eulogio hakumtazama. Alilaza mkono wa kushoto juu ya nyuzi, zikanyamaza. Wa kulia ukaendelea. Chini, juu, chini. Ufagio sakafuni.

Angustias akaisogelea meza, akaanza kugonga. Shangazi za bwana harusi nao wakagonga, glasi zikaruka. Angustias akaimba juu ya mlio wa mbao.

"Kaa chini, Casto," alisema alipovuta pumzi. "Umemzibia mtoto njia."

Casto akakaa. Rosario akapita mbele yake, visigino vikijibu meza.

Wimbo ulipokwisha, Eulogio hakujua. Aliendelea kuchapa mpaka Angustias alipomshika mkono.