Beseni la Ukuta

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Bibi Oyniso, mfagizi wa chekechea, alifungua mlango, akavua viatu vyake vya mpira, akabandika birika la chai, kisha akachukua beseni la bati na kuliweka chini ya ukuta wa kaskazini. Ukuta ulikuwa umeshaanza kutapika.

Siku hiyo ulitoa mfuko wa plastiki, soksi, nepi mbili na utumbo wa kondoo uliogeuka kijani. Vilitoka polepole kwenye ufa ulio usawa wa kifua, na harufu yake iliganda kooni kama mafuta yaliyochacha. Bibi Oyniso aliupigapiga ukuta kama apigavyo mgongo wa mtoto.

"Toa, mwanangu. Toa yote. Pole."

Halafu akaupangusa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu.

Mchoro wa chekechea hiyo ulikuwa mzuri. Binti mmoja, mchoraji wa majengo, alitoka mjini Panjakent akakaa kijijini wiki mbili, akiuliza jua la majira ya baridi linaingilia wapi na upepo wa mtoni unapita wapi. Akachora madirisha upande wa kusini na kuta nene za udongo uliochanganywa na mabua ya ngano, kama za nyumba za zamani. Mforosadi wa uani hakuukata, aliuzungushia baraza. Siku ya hashar, kazi ya kijiji kizima, kila nyumba ilileta gunia la mabua, hata mjane Zulayho ambaye ng'ombe wake mwenyewe alikuwa na njaa. Watu walikanyaga tope kwa miguu mitupu mpaka adhuhuri, wakala pilau, wakarudi makwao. Tope la kwanza liliachwa lichachuke siku mbili, na kazi iliyobaki angeimalizia mkandarasi Saidqul.

Saidqul aliyapeleka mabua yaliyobaki kwenye zizi lake. Ukuta wa kaskazini akaujaza taka za mtaro wa soko.

Ukuta ulivumilia kiangazi kimoja. Baridi ilipoingia, ukashindwa.

Watoto walizoea. Walisema unaumwa tumbo, na Gulandom, mjukuu wa Bibi Oyniso, aliuachia nusu ya chai yake kila siku. Lakini Gulandom alianza kukohoa, na wenzake tisa wakafuata, na kikohozi chao kilinuka mtaro. Basi bibi akaiomba wilaya ruhusa: kijiji kiubomoe ukuta na kuujenga upya kwa mikono yao, kabla theluji haijafunga njia.

Alhamisi mwenyekiti wa wilaya akaja na Saidqul. Ukuta ukamtapikia mwenyekiti viatuni: manyoya ya kuku, kandambili, na kitu laini kisichotambulika.

"Ni kila siku hivi?" mwenyekiti akauliza.

"Kila siku. Mvua ikinyesha, mara mbili."

"Si unaona, mkubwa?" Saidqul akadakia. "Jengo linajisafisha lenyewe! Halili umeme, halitaki mashine. Asili tupu."

"Asili ya mtaro," bibi akasema. "Mabua yetu yako wapi, Saidqul? Ng'ombe wako wanang'aa kama maharusi."

"Ah, mama, nawe! Umezaliwa zizini, leo unajifanya kuziba pua?"

"Zizi lile lilikuwa na mabua, mwanangu."

Dereva wa mwenyekiti alicheka, akajikohoza. Kisha akainama, akamshikia bibi upande mmoja wa beseni mpaka nje.

Ruhusa haikutoka. Mwenyekiti alieleza kwamba jengo hilo sasa lina tuzo ya mazingira, na lenye tuzo halibomolewi, akatundika cheti juu ya ufa, akatangaza kwamba Saidqul atajenga mengine saba ya namna hiyo hiyo huko juu bondeni. Bibi Oyniso aliwamiminia chai, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Tangu siku hiyo ukuta ulishika adabu. Ulitapika alfajiri kabla watoto hawajafika, na ulisubiri beseni. Gulandom aliendelea kukohoa.

Theluji ilipoyeyuka, malori ya Saidqul yalipita yakipanda bonde, yakidondosha maji meusi barabarani. Bibi Oyniso aliyatazama mpaka la mwisho, kisha akaenda kwa fundi bati kuagiza mabeseni saba.

"Makubwa?" fundi akauliza.

"Mapana," akasema. "Na uyatie mishikio miwili miwili. Huenda wafagizi wa huko nao ni vikongwe kama mimi."