Kioo cha Nne

Mwaka 1991 mimi, Absalom, mwalimu wa biolojia, niliharibu tangi la samaki la shule. Lilikuwa likivuja kidogo, nami nikapaka gundi mpya ya silikoni juu ya ile kuukuu, nikajisifu mbele ya kidato cha tatu. Kesho yake asubuhi sakafu ya maabara ilikuwa imejaa maji.

Fulu wetu sita wakahamia kwenye beseni. Ziwani, mbuta, yule sangara mkubwa, alikuwa amewala karibu samaki hao wadogo wote. Mmoja wa wale sita wetu, jike, alikuwa amebeba watoto wake mdomoni, kama ilivyo desturi ya fulu. Angezidi kushtuka, angewameza. Roho yangu haikutulia.

Nikamwita Mbarak, fundi vioo wa mtaa wa Kaloleni hapa Kisumu. Alilitenganisha tangi, akaulaza wembe karibu bapa juu ya kioo, na silikoni ikainuka ukanda mzima bila kukatika. Nikadhani amemaliza. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Alisugua kwa spiriti, akamwagia maji, akakiinamisha kioo kwenye mwanga. Maji yakikwepa mahali, hata padogo kama ukucha, hapo silikoni ya zamani imebaki na mpya haitashika. Anarudi na wembe. Kioo kimoja, saa nzima. Nilimwambia samaki watakufa. Akaitikia kwa adabu na kuendelea polepole vilevile. Nilikasirika, na bado sikuweza kuacha kuitazama ile mikono.

Baada ya chakula cha mchana nikambebea kioo cha nne, alichokwisha kukisafisha. Akakimwagia maji tena. Maji yakakwepa alama za vidole vyangu, pembeni kabisa.

"Mwalimu," akasema, "leo umekula samaki?"

Nilikuwa nimekula samaki ngege wa kukaanga, kwa mkono, kama kila mtu Kisumu, nikanawa kwa maji matupu, na mafuta yakabaki vidoleni. Niliona aibu sana. Hakunikemea. Alichukua spiriti, akakianza kioo upya, mimi akanituma nikae na beseni.

Siku ya tatu silikoni mpya aliyounganishia vioo ilikuwa imekauka, tukajaza maji. Nilipitisha gazeti kila pembe, likabaki kavu. Jike akajificha kwenye mawe, akafungua mdomo, na vitoto vikatoka, zaidi ya ishirini.

Mbarak akachuchumaa.

"Mama alikuwa anatukaangia hawa," akasema. "Nilidhani wameisha."

Nikamwambia kwamba mikononi mwangu wangeisha kweli.