Akidi ya Mzee Emilian

Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Emilian Tluway alitia sahihi kwenye daftari la mahudhurio katika ukumbi wa hoteli moja mjini Karatu. Alikuwa amekufa Novemba. Kilikuwa kikao chake cha tatu tangu azikwe.

Kamati ilikuwa ya pamoja, ya serikali za mitaa na umoja wa wenye hoteli, na ilishughulikia maji. Kila upande ulikuwa na wajumbe wanne. Kitongoji chenye chemchemi, juu ya Ganako, kilikuwa na mmoja, na bila huyo mmoja akidi haikutimia. Emilian alichaguliwa akiwa hai na jina lake halikufutwa. Mwezi wa pili, dereva wa bodaboda aliyesambaza barua za mwaliko hakukuta mtu nyumbani. Aliona jina lile lile kwenye kaburi la saruji nyuma ya jiko, akaiweka barua juu yake na kuibana kwa jiwe. Siku ya kikao Emilian alifika dakika ishirini kabla ya wakati.

Jumanne hiyo ukumbini hakutulia. Alisugua viganja magotini, akatazama mlango, akasugua tena.

"Mzee wangu," mhudumu alimwambia akimpitishia maji, "hata huko wanawaitia vikao?"

Saa tatu na nusu aliingia Brigita, mjane wake, na bahasha. Alisalimu, akamkabidhi katibu, Vedasto, cheti cha kifo.

"Huyu nilimzika mimi," alisema. "Mwacheni alale. Kitongoji kimenituma nikae kwenye nafasi yake. Kaya sitini na tatu hazitaki chemchemi ivutwe hotelini."

Vedasto alikisoma cheti pande zote mbili.

"Cheti ni halali, mama."

"Basi."

"Ila kumwondoa mjumbe ni uamuzi wa kikao. Kikao ni akidi. Na akidi haitimii bila yeye."

"Kwa hiyo mpaka awepo ndipo mseme hayupo?"

"Ndiyo utaratibu."

Mwenyekiti, Dorkasi, mwenye hoteli mbili, alimvutia Brigita kiti cha ukutani. "Kaa, dada yangu. Tutaliweka kwenye mengineyo. Ila wewe ni mwalikwa, na mwalikwa haongei."

Agenda ya tatu ilikuwa chemchemi. Vedasto alisoma pendekezo: bomba la inchi nne kwenda hotelini, na maji yatakayobaki yapelekwe kwenye kioski kimoja cha wananchi, barabarani. Emilian alipokuwa hai alilikataa mara mbili, kila mara kwa zaidi ya saa moja.

"Mwakilishi wa wananchi ana neno?" Dorkasi aliuliza.

Emilian alisimama, akafungua kinywa. Ulitoka udongo mwekundu, kama konzi moja, ukaanguka mezani. Alijaribu tena, ukatoka mwingine. Mhudumu aliufuta kwa kitambaa na kusogeza glasi.

"Anakataa," Brigita alisema. "Angalieni vidole. Miaka thelathini na moja namjua, akikunja vile anakataa."

"Mwalikwa, mama," alisema Vedasto, akaandika: Mwakilishi wa wananchi hakuwa na pingamizi.

"Mzee amekuwa muungwana sana," mwenye hoteli mmoja alimnong'oneza jirani yake. "Zamani tulikuwa hatutoki hapa kabla ya saa nane."

Pendekezo lilipita. Walipofika kwenye mengineyo ilikuwa saa sita kasoro robo, na watalii waliotoka kreta walikuwa wanasubiri ukumbi kwa chakula. Suala la kumwondoa mjumbe Emilian liliahirishwa hadi kikao kijacho. Vedasto aliongeza kwamba, kwa kuwa mafundi wangeanza Jumatatu, kamati ingekagua kazi kila siku na mwakilishi wa wananchi alitakiwa kuwepo.

Brigita na mumewe walirudi kwa miguu. Kwenye kona ya kanisa alimuuliza, "Utalala leo?" Emilian alitikisa kichwa. Alipofika nyumbani alipita kando ya kaburi bila kusimama, akakaa kwenye benchi la jikoni, akisugua viganja. Brigita alimwekea blanketi mabegani. Ubaridi wake haukubadilika.

Emilian alikagua mtaro wa bomba kila siku kwa wiki tatu na kutia sahihi kila siku. Fundi alimzoea, akawa anamwita babu na kumkabidhi futi kamba. Ijumaa ya mwisho chemchemi ilizungushiwa uzio na geti likafungwa kwa kufuli. Kikao kilichofuata hakikuitishwa, kwa kuwa kazi ilikuwa imekamilika, na hivyo suala la kumwondoa Emilian halikujadiliwa.

Jumamosi saa mbili asubuhi Brigita hakumkuta jikoni, wala madumu mawili ya njano hayakuwepo. Alishuka barabarani kumtafuta. Emilian alikuwa kwenye foleni ya kioski, nyuma ya watu arobaini. Waliokuwa mbele yake walimsalimu Brigita na kumuuliza kama amekwisha kusaga unga. Maji yalikuwa hayajafunguliwa. Brigita alichukua dumu moja kutoka mkononi mwa mumewe, akasimama naye.