Maji Yasiyo na Chumvi

Nuru ilipita. Niliinua kichupa cha damu yako kwenye dirisha la maabara, mama, na nuru ya asubuhi ikapenya hadi upande wa pili, nyekundu, angavu, nzuri kama kioo. Haikupaswa kupita. Damu iliyo hai huizuia nuru.

Nikajua. Chupa mbili zilikaa bega kwa bega mezani, moja ya maji ya chumvi, moja ya maji matupu. Seli zako nilikuwa nimeziosha kwa maji matupu.

Seli, mama, ni nyumba ndogo yenye ukuta wa utando. Mchana kutwa, usiku kucha, inasukuma chumvi nje, inaisukuma tena, na tena, ili maji yasiijaze ikapasuka. Zako zilifanya kazi hiyo ulipokuwa ukishona, ulipokuwa umelala, bila kudai asante. Kisha mimi nikazitupa pasipo na chumvi. Maji yakaingia kutoka kila upande, yakaingia, yakaingia, zikavimba, zikaisha.

Na swali kuhusu jambo hilo nililijibu kwenye mtihani. Kurasa mbili. Nilipewa alama zote.

Nilikuchoma mara nne kuipata damu ile. Ulicheka, ukasema mishipa yako ina haya mbele ya wageni kama mimi. Fundi cherehani wewe, ukanituliza mimi: wewe na sindano mmezoeana. Na chumba cha upasuaji kilikuwa kinangoja jibu langu, damu ya nani itakufaa.

Mkubwa wangu wa maabara hakunigombeza. Alisema nikwambie damu imeganda, hutokea, nani atajua.

Nikapita ukumbini na uongo ule mdomoni. Ulikuwa mwepesi. Lakini aibu iliniingia kutoka kila upande, na sikuwa na pa kuisukumia.

Ulikuwa umekaa kitandani, midomo imekukauka kwa kufunga kula tangu jana.

"Mama, damu yako nimeiharibu mimi. Nilikosea chupa."

Ulinitazama. Nilitamani ufoke.

"Ungeweza kunidanganya, mwanangu. Nisingejua."

"Najua."

 Ukakunja mkono wa gauni, wa upande ule mwingine, ukaunyosha mkono wako kuelekea dirishani. Nuru ikatua juu ya ngozi yako, isipite, na chini yake nikauona mshipa.

Nikafungua sindano mpya. Mkono wako haukusogea.